Ombwe Ambalo Papa Deo Hakulivuta

Harufu ya mafuta ya kompresa yaliyoungua huingia puani na kukaa humo, kali, chungu kidogo, na kila ninapoikuta kwenye friji ya mteja nakasirika kabla sijafungua hata sanduku la vifaa. Nakasirika kwa sababu ndiyo harufu iliyojaa nyumba yetu ya Kamembe msimu ule wa mvua nilipoitwa mharibifu. Friza ya mama ilikaa sebuleni, kubwa, nyeupe, yenye kutu miguuni, ikichukua nafasi ambayo familia nyingine huweka viti. Hatukulalamika. Kabla ya friza hiyo mama, aliyekulia Bukavu na kurudi Rwanda akiwa amenibeba mgongoni, alivuka daraja la kwenda Bukavu kila alfajiri na beseni la samaki kichwani, kwa kuwa samaki wabichi wa ziwani hawamsubiri mtu. Friza ilimruhusu kukaa. Wateja walimfuata nyumbani, naye akawa mama ambaye nikitoka shule namkuta. Nilikuwa na miaka tisa na sikujua furaha kubwa kuliko hiyo.

Mvua zilipokolea, friza ikaanza kulegea: asubuhi inagandisha, mchana inatoa jasho, jioni samaki wamelainika. Mama akamwita Papa Deo, fundi wa friji aliyesifiwa mtaani kwa sababu kazi yake haikuchukua muda. Alikuja na mtungi wa gesi, geji yenye mipira yake, na basi. Jirani yetu mmoja, aliyewahi kufanya kazi kwenye bucheri, duka la nyama lenye friza kubwa, huko Bukavu, alikuwa amemnong'oneza mama aulize jambo moja, na mama akauliza kwa adabu zote.

"Papa Deo, utavuta vide mbele ya kutia gaz?"

Papa Deo alicheka, akatutazama sisi watoto ili tucheke naye.

"Maman Espe, ile ni mambo ya batekinisie, ya siye bafundi. Weye uzisha samaki yako."

Mama aliona haya. Akaenda jikoni kumchemshia chai, na huku nyuma fundi akafungulia gesi kidogo ipite kwenye mabomba, pssss, akaziba, akajaza, akamaliza. Chai ilimkuta ameshafunga vifaa vyake.

Acha niseme hapa, kwa maneno ambayo mama alistahili kuyasikia siku ile, vide ni nini. Kwa Kiswahili ni ombwe: nafasi iliyoondolewa hewa. Mabomba ya friji yakifunguliwa, hewa huingia pamoja na unyevu wake, na msimu wa mvua huku kwetu Rusizi unyevu uko kila mahali. Pampu ya ombwe hufungwa kwenye mabomba hayo na kuinyonya hewa yote inayoweza kunyonywa. Maji haiyakaushi kwa moto. Hupunguza shinikizo ndani mpaka yanachemka yenyewe bila kupashwa, yanakuwa mvuke, na mvuke unavutwa nje. Fundi akisema ombwe lina kina au halina kina, anazungumzia kiasi cha hewa kilichobaki, na geji ndiyo humwambia. Kisha hufunga vali, huzima pampu, husubiri. Mshale ukitulia, mfumo ni mzima. Ukirudi kupanda, kuna mahali panavuja au bado kuna maji. Ukijaza gesi juu ya unyevu, maji huganda kwenye mrija mwembamba na kuziba njia, na yakikaa humo huzaa asidi inayoila kompresa. Ni hayo tu! Mimi na miaka yangu tisa ningeelewa. Papa Deo hakuwa na pampu, na badala ya kusema hana, aliligeuza neno kuwa siri ya mafundi.

Friza ilipogoma tena baada ya wiki chache, alirudi, akaigusa ubavuni, akatikisa kichwa, akatafuta wa kumbebesha lawama.

"Batoto banafungula friza kila saa. Baridi inatoka, moteri inachoka."

Macho ya mama yalinijia mimi, Espe wake, maana mdogo wangu hakufikia kifuniko.

"Hapana miye, Maman," nilisema. Nilisema nikiwa nimesimama, nikasema nikichapwa. Mama akaifunga friza kwa kamba, na ilipogoma kamba ikiwa palepale, nikaambiwa najua kufungua mafundo. Mwishowe nikapelekwa Nzahaha kwa shangazi, nikalime maharage na kusoma shule ya huko, ili friza ipumzike na mikono yangu. Nikiwa huko huko, ikafa kabisa. Papa Deo alikata bomba na mafuta meusi yakamwagika sebuleni. Nani aliifungua safari hii? Mimi nilikuwa shambani na jembe! Nilitegemea mtu mzima hata mmoja aone jambo hilo dogo. Hakuna aliyeliona. Walisema niliiharibu mapema, kufa kwake kulichelewa tu. Niliporudi nyumbani nilikuta harufu ile kwenye mapazia, beseni limerudi kichwani kwa mama, na mlango una kufuli mchana kutwa.

Leo nina pampu yangu, naibeba kwenye pikipiki mpaka Mibirizi na Butare ya hapa Rusizi, na simruhusu mteja aende kunichemshia chai. Nataka asimame aone mshale. Wengine huchoka, hupiga miayo, na bado nawaeleza. Wapo mafundi wanaojaza kama Papa Deo mpaka leo, na nikikutana nao siwanyamazii.

Juzi friza ya mama, hii aliyoipata uzeeni, ilivuja. Nikaziba, nikaiunga pampu kwenye mabomba na kuiwasha, yeye akakaa kwenye kigoda karibu yangu. Aliisikiliza ikinguruma kwa muda mrefu.

"Na ile ya Papa Deo ilikuwa wapi?"

"Hakukuwaka nayo, Maman."

Nikafunga vali, nikazima. Mshale haukusogea. Mama aliutazama, akanitazama mimi, na nikaona anaielewa miaka yote ile kwa mara moja. Sasa neno langu lilikuwa na geji ya kulishuhudia. Wakati ule lilikuwa na mimi peke yangu. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya hasira, na hasira hiyo ilinielekea mimi tena.

"Sasa juu ya nini haukusemaka kama hapana weye?"

"Nilisemaka, Maman. Kila mara nilisemaka."