Asali ya Mdogo Wangu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikiuza asali Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa. Nilinunua masega kwa wazee wenye mizinga upande wa Ikutha, nikayachuja nyumbani kwa kitambaa, nikajaza chupa za soda nilizozichemsha, kisha nikaketi kungoja malori na mabasi yasimame. Mdogo wangu alipoachwa na mumewe, nilimfundisha kazi hiyo yote, hata namna ya kumwonjesha dereva aliye na haraka.

Siku moja ofisa wa maendeleo ya jamii alituita akina mama kanisani atueleze mambo ya biashara. Alisema kuna ya mtu mmoja, kuna ya ubia, na kuna ya kikundi kilichosajiliwa. Ya mtu mmoja, faida ni yako na hasara ni yako.

"Hiyo ndiyo yangu," nilimnong'oneza mdogo wangu. Alikuwa anaandika.

Haukupita muda akaungana na wanawake wawili wa kwaya. Mmoja alikwenda Ikutha kununua, mwingine akachuja, yeye akauza. Walitafuta chupa mpya zenye vifuniko, wakabandika karatasi zenye jina la asali yao. Tena hakukaa kungoja mtu. Alipeleka kwenye mahoteli, akafika hadi maduka ya Kitui mjini. Madereva wangu wa miaka yote wakawa wananipungia mkono tu na kwenda kusimama kwake.

"Hata yako ni nzuri, mama," mmoja aliniambia, kama anayenipa pole ya msiba.

Jumapili mdogo wangu aliposimama kutoa shukrani kanisani, sikusikia neno hata moja. Nilikuwa natazama viatu vyake. Vilikuwa vipya, na mimi ndiye niliyemfundisha kuchuja asali.

Wiki hiyo dereva wa lori aliniuliza kwa nini asali ya mdogo wangu inang'aa vile.

"Sukari," nikasema. "Wanachemsha sukari wanachanganya. Lakini usiseme umesikia kwangu."

Maneno yalienda barabara nzima. Ila hakuna aliyesema asali ya fulani. Walisema asali ya Kibwezi. Mabasi yakaacha kusimama kwake, yakaacha kusimama kwangu pia. Asali yangu ikakaa hadi ikaganda chupani, na iliyoganda, kwa asiyejua, hufanana na sukari kabisa.

Asubuhi moja mdogo wangu alikuja akaketi chini karibu nami.

"Mwiitu wa mwaitu," alisema, yaani binti wa mama yangu, "yule dereva wa lori ameniambia."

Nilitaka kukana, ulimi ukakataa. "Ni mimi," nikasema.

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Ulinipita."

Alilia pale kando ya barabara, watu wakipita. Mimi sikulia. Hata wakati ule, pamoja na aibu, kulikuwa na kitu ndani yangu kilichofurahi kuona naye amekwama. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Alianza upya. Aliwakaribisha madereva nyumbani kwake, mmoja mmoja, waone masega yakichujwa mbele ya macho yao. Ilimchukua misimu miwili kurudisha jina. Mimi niliacha asali nikaingia kwenye mbaazi, sokoni. Walipokuja kusajili kikundi aliomba niingizwe. Wenzake wakakataa, na sikuwalaumu. Baadaye walifungua duka, na mpwa wangu, mwanawe, akasoma hadi kidato cha sita.

Mdogo wangu huniletea asali kila msimu. Naipokea, nashukuru, watoto wanakula. Mimi hunywa chai yangu na sukari.