Ndege Mmoja Kwanza

Siku moja haijapata kunitoka kichwani, mwanangu Tusekile, na leo nakusimulia kwa sababu umenichosha. Ndiyo, umenichosha, shangazi yako sikufichi. Tangu nikupe ile gemu yangu ya mkononi ujifunze kuitengenezea mchezo wako mwenyewe, kila Jumapili nakuuliza umefika wapi, na kila Jumapili unanionyesha kitu ambacho si mchezo. Mara umechora nguo za shujaa. Mara umetafuta wimbo wa mwanzo. Mara umeacha lugha uliyoanza kuandikia, umehamia nyingine kwa kuwa kijana fulani kwenye video kasema hii ndiyo bora. Wiki iliyopita ulinieleza hadithi nzima ya malkia wa ziwa na wadogo zake mpaka chai yangu ikapoa. Nikakuuliza, huyo malkia ukibonyeza kitufe anasogea? Ukacheka. Mimi sikucheka.

Sikiliza basi. Nilikuwa na umri kama wako, nikifanya kazi kwenye duka la kuchapa na fotokopi pale Mbugani. Mjomba aliniletea gemu iliyotumika kutoka Mbeya, na kwenye intaneti nikagundua kwamba watu wa kawaida tu, wasio na kampuni wala kiwanda, huandika michezo yao kwenye kompyuta, wakaipakia kwenye kadi ndogo ya memori, wakaichomeka kwenye gemu na kucheza. Nilipojua hivyo nilikosa usingizi. Mwenye duka alikuwa mama mpole, akaniruhusu kutumia kompyuta wateja wakiisha.

Mchezo wangu ulikuwa wa kuamia ndege. Nani asiyeijua kazi hiyo huku kwetu? Mpunga ukianza kukomaa, mtu anapanda ulingo tangu alfajiri, anavuta kamba za makopo, anarusha kombeo, anapiga kelele mpaka koo linakauka, ili mradi ndege wasitue. Nilitaka hayo yote yawemo. Makundi ya ndege, mvua, ngoma, na bibi anayekugombeza ukisinzia. Kwenye kompyuta kulikuwa na programu ya kuigiza gemu, kwa hiyo niliucheza humo humo, na ulikwenda vizuri ajabu. Kuuweka kwenye gemu yenyewe niliona ni jambo la mwisho, la kunogesha tu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sikutaka kuinama, nilitaka kitanda kinyanyuke chenyewe.

Mwezi ule baba akaniita Makwale nisaidie kuamia, maana mama alikuwa anaumwa mgongo. Nikaenda na gemu mfukoni, na kadi yenye mchezo ndani yake. Baba, babu yako huyo, hakuipenda gemu ile tangu mwanzo. Alikuwa ameshasema kwamba mavuno yakiisha naacha duka, naenda Talatala kumlelea dada yangu watoto, kwa sababu haoni ninachojifunza mjini. Mimi nikajisemea moyoni, akiuona mchezo wangu atabadili nia. Sikuwa na tegemeo jingine, mwanangu.

Asubuhi ile nikapanda ulingo, nikaona nijaribu kidogo kabla baba hajafika. Nikachomeka kadi, nikawasha. Kioo kikawa cheupe pe. Nikazima, nikawasha tena. Cheupe. Nikatoa kadi, nikaipuliza, nikaifuta kwa kanga, nikairudisha. Cheupe vilevile. Kompyuta ilikuwa ikinisamehe makosa ambayo kile kidude hakisamehi, lakini wakati huo sikulijua hilo. Macho yangu yako kwenye kioo, kamba za makopo ziko kando, na kweleakwelea wameshatua. Kelele zote zile wala sikuzisikia. Wakala kona nzima ya jaruba la mama.

Baba alikuja akipiga debe. Akawafukuza, akasimama chini ya ulingo akitazama masuke yaliyobaki. Nilingoja kugombezwa. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alipanda, akaketi karibu nami, akasema nimwonyeshe hicho nilichokuwa nakitazama. Nikamwonyesha ule weupe. Halafu nikaanza kueleza, kama unavyoeleza wewe: kuna mvua, baba, kuna ngoma, kuna bibi. Akanikatiza.

"Sitaki mvua, sitaki ngoma. Nionyeshe ndege mmoja. Mmoja tu, nimwone humo ndani, si kwenye maneno yako. Jumapili nikitoka kanisani nisipomwona, hicho kidude anarudishiwa mjomba wako, na wewe safari ya Talatala."

Mdogo wangu alipokuja kunipokea ulingoni, nilirudi Mbugani nikilia njia nzima. Kisha nikakaa mbele ya kompyuta nikaanza kufuta. Nilifuta mvua. Nilifuta ngoma. Kumfuta bibi kuliniuma, maana nilikuwa nimemchora mpaka kilemba. Nikabakiza nukta moja nyeusi, nikaipakia kwenye kadi, nikaichomeka kwenye gemu. Nukta ikaonekana. Mwanangu, nilisimama nikaenda nje kupumua. Tangu hapo nikawa nabadilisha kitu kimoja, napakia, natazama. Kingine, napakia, natazama. Kioo kikigeuka cheupe, najua mkosaji ni yule niliyemwingiza sasa hivi, sihangaiki kumsaka. Haba na haba, nukta ikaota mabawa. Sikudanganyi, ndege mwenyewe alifanana na karanga.

Jumapili nikawa nimesharudi Makwale. Baba alitoka kanisani na koti lake, kitabu cha nyimbo bado kiko kwapani. Nikampa gemu. Akabonyeza, ndege akaenda kushoto. Akabonyeza, akaenda kulia. Hakuna zaidi. Hakuna wa kumfukuza, hakuna mpunga wa kula. Baba alimpeleka huku na huku mpaka nikachoka kusimama. Kisha akamwita mama atoke jikoni.

"Njoo uone, mtoto wako amefuga ndege."

Akanigeukia, akasema, "Ndaga, mwanangu." Asante yake baba ilikuwa adimu. Habari za Talatala hazikutajwa tena, akatafutwa binamu kwenda kulea. Ila mama ile kona ya jaruba alinikumbusha kila tulipopika wali mwaka ule.

Sasa nasaha yangu ni hii, na uishike, maana sitarudia. Malkia wako mzuri, wadogo zake wazuri, lakini mtaka yote hukosa yote. Waweke kando. Anza na nukta, isogee, na isogee kwenye gemu yenyewe, si kwenye kompyuta inayokupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lugha uliyonayo inatosha, usihame tena. Ongeza kitu kimoja, ukitazame, ndipo uongeze kingine. Na kikiwa kibaya usikifiche, kilete kibaya hivyo hivyo.

Mungu akupunguzie maneno, binti yangu, akuonyeshe kosa lako lingali dogo, na aibariki kazi ya mikono yako hata watu wakiicheka. Haya, ondoka. Na Jumapili usije kunieleza. Njoo uniwekee mkononi.