Namna ya Kuitika

Kiingereza cha shuleni kilinifikisha Texas, na kilipofika hapo kikakaa chini kupumzika. Nilijua kuulizwa hali na kujibu kwa sauti ya darasa zima, mzima, asante, sijui wewe. Yale maneno madogo ya kila siku sikuwa nayo. Mtu akikushikia mlango unasemaje? Muuza duka akikutakia siku njema, unanyamaza, unacheka, au nawe unamtakia? Mimi nilikuwa nanyamaza, kisha njia nzima nakasirika peke yangu, maana kwetu Tanga mtu asiyejibu salamu ana lake jambo.

Aliyenitoa ushamba ni jirani yangu wa mji wa Garland, bibi wa Kizungu, mjane, mzaliwa wa Texas hiyohiyo, tuliyepakana naye ukuta kwenye apatimenti. Ndiye aliyenishikia binti yangu nikiwa kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa sababu mume wangu alikuwa dereva wa lori na wiki nyingi alikuwa barabarani. Jioni nikienda kumchukua mtoto, bibi ananikalisha jikoni, ananipa chai ya barafu yenye sukari ya kutosha harusi, kisha ananifundisha. Mtu akisema hivi, wewe sema hivi. "You too." "Not bad." Nikikosea anacheka mpaka anakohoa, nami nanuna, kisha tunarudia.

Halafu siku moja akaniambia anahamia Houston kwa mwanawe, magoti yake yamechoka na ngazi zetu. Nililia palepale jikoni kwake, wala sikujificha. Nilimpenda, na pia sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto.

Nikamwomba mama yangu aje kutoka Tanga. Akakubali, viza ikatoka, nikafurahi siku moja tu. Siku ya pili nikamtazama binti yangu amejilaza mbele ya televisheni, nikamwita, akajibu bila hata kugeuza shingo, "What?"

Kwao ni neno la kawaida tu, "nini?" Lakini kwetu mtoto wa kike akiitwa anasema "abee", anainuka na kuja alipo aliyemwita. Hajibu amelala. Binti yangu Kiswahili alikisikia chote, ila kukitoa mdomoni ilikuwa vita. Mama naye hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji. Na hawa wawili ndio nilitaka kuwaacha ndani kutwa nzima, bila mtu wa katikati.

Basi nikafungua shule mbili. Ya mama ilikuwa kwenye simu, miaka ile ya kadi za kukwangua.

"Akikwambia 'I'm hungry', ana njaa," nilimwambia. "Mwambie 'wait'."

"Weti," mama akasema. "Na nikimtaka aje?"

"Sema 'come here'."

"Hilo silisemi. Nitamwita, ataitika, atakuja. Au watoto wa huko hawaitwi?"

Nikasema watoto wa huku wana namna yao ya kuitika.

"Namna gani?"

Nikamuuliza kama mvua zimenyesha Tanga. Mama si mtu wa kuzungushwa.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Mtoto nikimwita akaniuliza nini, sikai. Napanda ndege yangu narudi."

Namjua mama yangu. Hakuwa ananitisha, alikuwa ananipa taarifa.

Shule ya pili ilikuwa sebuleni, na ilikwenda vibaya zaidi. Niligomba. Nilizima televisheni. Nikafikia mpaka kununua peremende, abee moja peremende moja. Peremende zilipoisha, na abee ikaisha. Nikawa namwona mama mawazoni, uwanja wa ndege, na begi lake, anatazama mjukuu wake kama mtoto wa watu. Hilo liliniuma kuliko kupoteza kazi kwa kukosa wa kumwachia mtoto.

Jioni moja nilichelewa kutoka kazini. Nilipofika kwa jirani mlango ulikuwa wazi, maboksi ya kuhamia yamejaa ukumbini, nikasimama nyuma ya maboksi hayo. Bibi akamwita binti yangu kutoka jikoni. Nikasikia huko chumbani sauti ya mwanangu, juu, safi: "Yes, ma'am!" Kisha miguu inakimbia. Akaja akasimama mbele ya bibi, mikono nyuma, anangoja kusikia alichoitiwa.

Nikaona wivu. Nikamuuliza bibi amempa nini huyu mtoto. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini watu wanavaa viatu. Kwao, akasema, mtu mzima haambiwi "what"; mwanamke mzima huitikiwa "ma'am", kwa heshima. Mama yake alimfunza hivyo, na mama wa mama yake vilevile, na mtoto aliyejibu akiwa amekaa alijua kitakachompata.

Njiani, yaani hatua chache za kufika mlangoni kwetu, nikamuuliza binti yangu mbona mimi haniitikii vile. Akanijibu kwa Kiingereza chake, tena kwa upole, kwamba mimi bado sijawa mzee.

Nilitaka kugomba, nikajikuta nacheka. Tangu jioni ile nikaacha kumshurutisha. Jirani akaondoka kwenda Houston, tukalia wote watatu, na juma lililofuata mama akatua.

Alitoka pale uwanja wa ndege wa Dallas amejifunga khanga juu ya sweta la kuazima, anaburuta begi kubwa kuliko yeye. Tukakumbatiana, tukaulizana hali za watu wote, waliokufa na waliozaa. Binti yangu alikuwa amekalia begi, anachungulia tu. Nikataka kumsukuma aje, mama akanizuia kwa mkono. Akaketi kwenye benchi, akajiweka sawa mtandio, akapaza sauti.

"We mke mwenzangu!"

Kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana hivyo. Mtoto wangu hakuwahi kuitwa jina hilo maishani mwake.

Binti akamtazama bibi yake, mvi zile zilizotokeza chini ya mtandio, mikunjo ile, mikono ile juu ya magoti. Akateremka kwenye begi.

"Yes, ma'am!"

Akaenda mbio, akasimama mbele yake, mikono nyuma, anangoja.

Nikawahi kutafsiri. "Mama, amesema..."

"Nimekuuliza?" mama akasema, hata hakunitazama, tayari ameshika mashavu ya mjukuu wake kwa mikono miwili. "Mtoto kaitika."