Kona ya Kushoto ya Sinia

Kwetu tunakula sinia moja. Wali unamwagwa katikati, nyama juu yake, na kila mtu anakula pale mbele yake bila kunyoosha mkono kwa mwenzake. Ndiyo maana mke wangu alipotoka hospitali baada ya kiharusi, hatukugundua kitu. Alikula kidogo upande wake wa kulia na kuacha wali wote wa kushoto. Tukasema mashallah, hata katika ugonjwa anawaachia wajukuu.

Aliyetufumbua macho ni daktari wa viungo, binti wa Kimeru aliyekuwa akija nyumbani kumfanyisha mazoezi. Siku moja aliomba mgonjwa apewe sahani yake mwenyewe. Mke wangu alikula, akashukuru, akasema amemaliza. Nusu ya sahani ilikuwa nyeupe. Nusu ya pili ilikuwa na wali na maharagwe, haijaguswa, kama iliyogawanywa kwa kisu. Yule binti aliizungusha sahani, wali ukaja kulia. Mke wangu akaitazama, akauliza ni nani amemwongezea.

Daktari alitueleza kwamba macho ni mazima. Ubongo ndio uliosahau kuwa kuna kushoto. Dunia ya mgonjwa ilikuwa imebaki nusu, naye hakujua imepungua, basi angeitafutaje? Asipojifunza kurudi upande ule hataweza kutembea peke yake. Atagonga milango, ataingia kwenye jiko la moto. Alituambia tumtafutie kitu kinachokwenda polepole toka kulia kwenda kushoto, kitu atakachopenda kukifuata kwa macho.

Nimefundisha dini tangu ujana, na mara nyingi nimewaambia watoto kwamba jicho ni neema. Sikuwahi kufikiri kwamba kushoto nako ni neema, kwamba mtu amepewa kushoto kando na macho yake, na kunaweza kuchukuliwa macho yakabaki. Siku hiyo nilikaa na tasbihi mkononi bila kuvuta hata punje moja.

Binti yetu alileta treni ya kuchezea kutoka Nairobi. Isiolo hatuna reli, lakini mama yake aliwahi kuona treni Nanyuki akiwa msichana, na hakuacha kuisimulia. Tatizo likawa nafasi. Kitandani hapakuwa na mahali pa meza. Kilichowezekana ni sinia letu kubwa, likilazwa juu ya vigoda viwili, kimoja kila upande wa miguu yake, tena lina ukingo wa kuzuia treni isianguke sakafuni. Lakini reli za kwenye boksi zilikuja zimepindwa tayari, na duara lake lilizidi sinia kila upande. Ikabidi binti yetu atume nyingine, za kupinda kwa mkono, nami nikawa mchoraji wa reli uzeeni.

Nilikata ubao mwembamba ukaenea ndani ya sinia, nikachukua msumari, uzi na penseli. Nilichora njia ndefu ya kumpita mbele, na kila mwisho kona ya kugeukia. Kona zenyewe zilikuwa kali kuliko zile ambazo boksi lilisema injini inaziweza. Niligundisha mataruma, vile vijiti vya chini ya reli, nikalaza reli, nikasimamisha kiduka cha kadibodi kando ya kona ya kushoto, nikawasha. Treni ilipita vizuri mbele yake, ikaingia kona ya kushoto, na mabehewa yakalala yote kwa upande wa ndani.

Mke wangu alikuwa anaangalia kulia, kama abiria anayengoja gari stendi.

“Maalim, hiyo treni yako imeenda wapi?”

Nilimwambia imeanguka.

“Imeanguka wapi? Mimi sioni mahali pa kuanguka.”

Nilitazama kona kwa siku nyingi kabla ya kuielewa. Kosa la kwanza lilikuwa kwamba reli iliyonyooka ilikuwa inageuka ghafla. Nilichora upya, reli ianze kupinda kidogo sana, izidi, ikaze pale mwisho wa sinia, kisha ilegee vilevile. Nilipomaliza, mimi mwenyewe sikuweza kuonyesha kona inaanzia wapi.

Kosa la pili nililijua kutoka utotoni, upande wa Kulamawe. Tulipohama, kina mama walivuta ngamia wa mizigo kwa mstari, kila mmoja amefungwa kwa aliye mbele. Kwenye kichaka cha miiba, wa mbele akikata kona haraka, wa nyuma huvutwa ndani ya miiba. Mama yangu alikuwa analegeza kamba, na mzigo mzito anampa ngamia anayefuata kiongozi. Basi nikarefusha viungo vya mabehewa kwa waya, nikatia nati ndani ya mabehewa yawe mazito, nyingi zaidi katika lile lililo karibu na injini. Nilimweleza mke wangu sababu.

“Mama yako alikuwa pia anachapa ngamia,” akasema. “Na treni utaichapa?”

Haikuhitaji. Iliingia kona polepole, kila behewa likainama kidogo kumfuata mwenzake, ikatoka upande wa pili nzima. Nilisema subhanallah kwa sauti. Chuma kinachopenda kunyooka kilikuwa kimekubali kugeuka ndani ya sinia la wali.

Lakini macho ya mke wangu yaliiacha katikati. Ikifika hapo, kwake ilikuwa imekwisha, na ilipojitokeza tena kulia aliikaribisha kama mgeni.

“Ingine imekuja,” alisema. Baadaye akauliza ziko ngapi.

Daktari alisema nisikate tamaa, na nipunguze mwendo treni inapofika pale macho yanapoachia. Tukafanya hivyo kila siku baada ya adhuhuri, mkono wangu kwenye kitufe cha mwendo. Kuna siku macho yalivuka katikati kwa upana wa kidole, na kesho yake yakarudi. Niliomba, na niliendelea kuzungusha.

Wajukuu walikuwa wamefinyanga mbuzi wa udongo, nikawapanga karibu na kona ya kushoto. Siku moja treni ilikuwa ikizunguka, nami nimeacha kitufe namimina chai, nimempa mgongo.

“Simamisha,” akasema. “Mbuzi iko kwa reli.”

Nilisimamisha. Treni ilikuwa bado kulia kabisa. Kule kushoto, mtikisiko ulikuwa umemwangusha mbuzi mmoja, amelala juu ya reli. Mke wangu hakuwa ameifuata treni, alikuwa ameitangulia. Nilimuuliza ni mbuzi gani, maana niliogopa kuamini.

“Hiyo nyeupe. Itoe, itakatwa miguu.”

Nilimtoa. Kisha nilishuka chini, katikati ya kitanda na kabati, nikasujudu sijda ya shukrani. Paji la uso likiwa bado mkekani nilimsikia anaendelea kusema kutoka kitandani.

“Na hii duka ya huku umejenga lini? Na nani ameipaka hii rangi mbaya?”

Duka lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Rangi niliichagua mimi. Nilibaki chini kidogo zaidi kabla ya kuinuka kumjibu.