Raketi Tatu za Mslovakia

Kitu cha kwanza Miraji alichokiona kwa mwanamke huyo Mslovakia, mwaka 1996, kilikuwa kiganja cha kulia, kigumu kama soli ya kiatu. Tangu hapo, kila Juni, mchezaji huyo wa tenisi kutoka Slovakia humletea raketi tatu dukani Hounslow, London, azifunge nyuzi upya. Akirudishiwa, dada huyo huzigonga kwa kidole, akafumba macho na kusikiliza. Jana alirudisha moja. "Bwana Miraji, hii imelegea kidogo." Miraji akaipima kwa mashine: mkazo wa nyuzi umepungua nusu kilo tu. "Dada ana sikio la mpiga kanuni wa taarabu," Mansour, fundi mwenzake, akamtania, "na wewe una mikono ya mpasua kuni." Miraji alizikata nyuzi zote akaanza upya, na dada akangoja amesimama, bila kununa. Mara saba amejaribu kufuzu kuingia Wimbledon, na mara saba ametolewa katika mechi ya mwisho ya mchujo. Safari hii goti limeshamwambia hakuna ya tisa. Leo ni mechi hiyo ya mwisho tena, na Miraji ameomba ruhusa kazini, yuko kando ya uwanja. Dada na mpinzani wake wamefungana seti moja moja, mvua imekatika, turubai linakunjwa. Mslovakia ndiye atakayeanzisha mpira katika seti ya tatu, ya mwisho.