Mfanyakazi Mpya wa Miaka Kumi na Saba

Kila baada ya miezi mitatu, Mama Pasi aliachishwa kazi kwa siku moja. Alipewa barua ya kumshukuru kwa ushirikiano wake, akarudi nyumbani, akafua, akalala mchana. Kesho yake aliajiriwa upya katika kiwanda kilekile cha kushona sare, kwenye meza ileile ya kupigia pasi. Na kwa kuwa kanuni zilitaka kila mgeni aelekezwe, karani alimtembeza na kumwonyesha choo kilipo. Alikwisha kuonyeshwa choo hicho mara sitini na nane.

"Asante, nilikuwa najiuliza," alijibu kila mara, kwa adabu.

Wanawake wa meza ya pasi waliiita siku hiyo siku ya kufa. "Jamani, mimi nakufa Alhamisi," mmoja angesema, "nani ataniangalizia ndoo yangu?" Walicheka, lakini kila mmoja alijua mchezo ulivyo. Sheria ilimtaka mwajiri amwandikishe katika mfuko wa hifadhi ya jamii yeyote aliyefanya kazi zaidi ya miezi mitatu mfululizo. Kiwanda hakikuwa na mtu wa aina hiyo. Kilikuwa na watu mia mbili, wote wapya, baadhi yao wenye mvi.

Mama Pasi alikuwa na miaka hamsini na minane. Miguu ilimvimba kila jioni, na msimamizi alikwisha kumdokeza kwamba safari ijayo akifa, huenda asifufuke. Bila kuandikishwa, angetoka pale mikono mitupu, pensheni aisikie kwa majirani.

Ndipo wageni wakaja. Walikuwa wanunuzi kutoka ng'ambo, na kabla ya kuagiza sare walitaka kuona kiwanda kinachotunza watu wake. Mkurugenzi akaamuru atafutwe mfanyakazi mkongwe, atunukiwe mbele yao. Afisa utumishi akapekua mafaili, akakuta mkongwe kuliko wote ana wiki kumi na moja. Jasho likamtoka. Ikabidi ashuke mwenyewe hadi meza ya pasi.

"Nani hapa wa siku nyingi?"

"Kwenye faili au kwenye miguu?" akauliza Mama Pasi.

Akatunukiwa yeye. Afisa utumishi hakuwa na muda wa kutunga maneno ya cheti, kwa hiyo alinakili yale ya cheti alichotunukiwa mkurugenzi mwaka uliopita, akabadili jina na miaka tu. Mkurugenzi akatia saini bila kusoma, muhuri ukagongwa, wageni wakapiga makofi na picha.

Nyumbani, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikigeuza cheti huku na huku kama anatafuta kilipofichwa kitu cha maana.

"Wewe nawe wifi! Miaka yote hiyo unanyoosha nguo za watu, leo wanakupa karatasi? Tuitundike wapi, jikoni itishe panya?"

Mama Pasi alikichukua, akasoma mstari wa tatu mara nne.

"Hebu soma hapa, wifi."

"Kwa utumishi uliotukuka na usiokatika wa miaka kumi na saba."

"Usiokatika," akarudia Mama Pasi taratibu. "Na saini ya nani hiyo?"

Wifi akaketi. Kisha akasimama tena. "Ngoja nikupigie rangi viatu."

Siku ya kufa iliyofuata, Mama Pasi hakufua. Alikwenda ofisi ya mfuko. Karani akatafuta jina lake kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. "Mama, wewe humu haumo."

Mama Pasi akaweka cheti juu ya kaunta. Karani alikisoma, akavua miwani, akakisoma tena, akamwita mkaguzi. Mkaguzi alikitolea nakala pande zote mbili, hata ule wa nyuma usio na kitu, na cheti chenyewe akakifungia kabatini.

Habari zilifika kiwandani kabla yake. Jioni ya kesho yake afisa utumishi alibisha hodi, blanketi jipya kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe shikamoo unaijua!"

"Nimekuja kwa jambo dogo tu. Kwenye kile cheti kuna kosa la uchapaji. Ukinipa, nitakuletea kingine, kikubwa zaidi."

"Kosa liko wapi?" akadakia wifi. "Kwenye miaka, au kwenye kutukuka?"

"Ni lile neno… usiokatika."

"Cheti kiko kwa mkaguzi," akasema Mama Pasi. "Kamwombe yeye."

Afisa akainuka kuondoka. Wifi akamshika mkono. "Blanketi liache. Lenyewe halina kosa."

Wiki iliyofuata mkaguzi alikaa ofisini kwa mkurugenzi, cheti upande mmoja, faili upande wa pili, Mama Pasi akiwa amesimama mlangoni. "Ama mliwadanganya wageni wenu," akasema mkaguzi, "ama mmeudanganya mfuko. Niandike lipi?"

Wageni walikwisha kuagiza sare elfu thelathini, na hazikuwa zimekatwa bado. Mkurugenzi alimtazama afisa utumishi. Afisa utumishi alilitazama zulia.

"Cheti ni cha kweli," akasema mkurugenzi, kama mtu aliyekwamwa na mwiba kooni. "Mama huyu hajawahi kutoka hapa."

"Basi michango yake ya miaka yote hiyo mtailipa ninyi." Mkaguzi akamsogezea Mama Pasi fomu.

Alikuwa ameingoja furaha ya saa hii kwa miaka mingi, na sasa iliposimama mbele yake, alichohisi ni uchovu. Akavuta kiti cha wageni, akakaa bila kukaribishwa. Penye tarehe ya kuanza kazi aliandika siku, mwezi, na ule mwaka wa mbali, tarakimu moja moja, kwa mwandiko wa shule.

"Fanya haraka, mama," akasema mkurugenzi. "Meza ya pasi inakusubiri."

"Itasubiri," akasema Mama Pasi, akafungua ukurasa wa pili.