Firigisi ya Jumamosi

Jamani, kucheka chekeni, lakini msinikatize, maana mkasa huu nikikatizwa katikati sitaweza kuurudia, aibu yake bado inanichoma masikio, na hadi leo nikisikia mtoto anakariri "always, usually, sometimes, never" mimi hutafuta sababu ya kutoka nje kuangalia kama mvua inakuja.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mimi karani mdogo hapa Kakamega mjini, Wazungu wanafunga masanduku, viti vyao vinabaki wazi, na sisi tumeambiwa kwamba atakayepita mtihani wa Kiingereza ndiye atakayevikalia. Basi kila Jumamosi mchana tulijazana kwenye ukumbi wa kanisa, watu wazima na ndevu zetu, tukifundishwa na Mwalimu Eliakimu, mtu mwembamba mwenye fimbo (hakumchapa mtu, lakini aliiweka mezani tuione). Wakati huo tulikuwa tumefika kwenye yale maneno ya kuonyesha jambo hutokea kila mara, au mara mojamoja, au halitokei kamwe, na kila mmoja alilazimika kusimama atunge sentensi juu ya maisha yake.

Mimi nikasema, "I always drink tea," nikakaa. Akasimama Wiklifu, kijana wa posta mwenye baiskeli, kapera, jirani yangu kwenye nyumba za serikali, nywele zinang'aa mafuta, akatabasamu, akasema, "I usually eat gizzard on Saturday."

"Very good!" Mwalimu akapiga meza. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Asiye wa kwetu atauliza, gizzard ni nini hata umnyime mtu makofi? Ni firigisi, ndugu yangu, ile tunayoiita imondo, na kwetu si nyama ya kuokotwa na yeyote. Kuku akichinjwa, imondo ni ya mwenye nyumba, mke huiweka juu kabisa ya bakuli mumewe aione, na ikikosekana hapo mambo yameharibika, maana swali linakuwa moja tu: amepewa mwanamume gani? Kapera akialikwa hupewa shingo, na hushukuru. Sasa huyu wa posta anaipata wapi, tena kwa kawaida, tena Jumamosi? Nauliza kwa sababu Jumamosi iliyotangulia Nerea, mke wangu, alinipikia kuku, nikala (kitabu cha Mwalimu kando ya bakuli, mtihani ulikuwa umekaribia), nikafika chini kabisa na imondo sikuiona. Nilinyamaza nikidhani ni paka. Siku ile darasani nikajua kwamba paka mwenyewe ana baiskeli.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa kama askari kanzu ndani ya nyumba yangu. Nerea akiimba jikoni, najiuliza anamwimbia nani. Wiklifu akinisalimia, "Habari, bwana, shemeji hajambo?" nasema moyoni, mbona shemeji hasahauliki? Nikakumbuka pia kwamba Wiklifu huingia darasani amechelewa, anapangusa midomo. Midomo ina nini? Niseme wazi, Nerea nilimpenda, na kilichonikaba koo haikuwa nyama, ilikuwa hofu ya kurudi siku moja nikute nyumba imebaki na kuta.

Ningemuuliza tu, yangekwisha hapo. Lakini mwenye wivu haulizi, anavizia.

Jumamosi ikafika. Nikavaa shati jeupe, nikafunga tai, nikamwambia Nerea naenda darasani, nikatoka mbele, nikazunguka kwenye mahindi, nikarudi nyuma ya jiko na kujipenyeza ndani ya kibanda cha kuku nilichokijenga mwenyewe kwa mabati makuukuu. Kuku wakanung'unika, nikawanyamazisha kwa mahindi. Nikachuchumaa kwenye kinyesi chao, jicho kwenye tundu lisiloonyesha ila ukuta wa jiko, nikingoja.

Kweli, baada ya muda kengele ya baiskeli, krring! Sauti ya Wiklifu, "Hodi, shemeji!" Nerea akapiga kelele ya furaha (ya furaha, jamani, mimi hajawahi kunipokea hivyo) na mlango wa jiko ukafungwa. Nikasikia vicheko. Nikasikia kisu kinanolewa. Nikasema, haya, firigisi yangu inaandaliwa. Nikaanza kukunja mikono ya shati, na kabla sijamaliza, mlango wa kibanda ukafunguliwa, mkono ukaingia ukipapasa kutafuta kuku, ukashika tai yangu, ukavuta.

Nikatoka kwa magoti, manyoya kichwani, uso kwa uso na mama mkwe wangu.

Tangu harusi sikuwa nimesimama karibu na mama yule. Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani, hawaangaliani machoni, hata njiani mmoja huingia kwenye majani mwenzake apite, na sasa alikuwa amenishika shingoni kama mbuzi wa soko la Lubao. Naye hakunitambua upesi. "Mwisi! Mwisi wa ingokho! Mayi wee!" Majirani waliposikia ni mwizi wa kuku wakaja na marungu. Ukumbi wa kanisa haukuwa mbali, kwa hiyo darasa zima likaja, Mwalimu mbele na fimbo yake. Ndipo Nerea alipotoka jikoni akasema, "Baba Atieli! Unafanya nini humo?" Mama mkwe aliposikia jina akaiachia tai, akajifunika leso kichwa kizima, akanigeuzia mgongo, akaanza kulia.

Ningenyamaza hapo. Mimi nikamnyooshea Wiklifu kidole. "Muulizeni huyu anakulanga imondo ya nani kila Jumamosi!"

Wiklifu akashika usukani wa baiskeli. "Bwana, mimi nimemkuta mama stendi na mzigo, nikamleta. Imondo? Mwalimu alisema tutunge sentensi, hakusema tuapishwe. Mimi ni kapera, imondo sijawahi kuionja. Nilitaja kitu ninachokitamani."

"Na ile ya kwangu?" nikamgeukia Nerea. "Ilienda wapi?"

"Ilienda tumboni mwako!" Nerea akanijibu mbele ya wote. "Niliiweka juu, ukaichukua ya kwanza kabisa, macho kwenye kitabu, unatafuna unasema never, never, never. Nilisimama hapo nikingoja uniambie asante."

Walicheka watu mpaka wengine wakakaa chini. Yeye hakucheka. Akafunga nguo zake, akambeba mtoto wetu Atieli, akaondoka na mama yake, na yule kuku aliyekuwa achinjwe akabaki akitembea uani kama mwenye nyumba.

Ilibidi baba mdogo aende Lubao kwa wakwe zangu kwa niaba yangu, na blanketi la kumfuta mama aibu, na mbuzi. Nyumba ilikuwa na kuta tu, kama nilivyoogopa, na aliyemfukuza mke ni mimi. Mtihani alipita Wiklifu (anajua kudanganya kwa Kiingereza, mwacheni apite), mimi nikabaki na kiti changu cha zamani. Siku baba mdogo aliporudi, Nerea alikuwa nyuma yake, na ujumbe wa mama mkwe ulikuwa mfupi: "Blanketi nimepokea. Mwambieni akila, aweke kitabu chini."

Tangu hapo sijasoma chochote mezani, hata gazeti. Na Nerea akipika kuku haketi. Husimama pale, mikono kiunoni, awe mgeni ni askofu au ni nani, mpaka niiinue firigisi juu watu wote waione na niseme kwa sauti, "Nimeiona, mama, asante."

Nami husema. Always.